Kidole Tumbo Kilichokuwa Kushoto

Nyie wasichana mnaovalishwa aproni mpya mwaka huu, acheni kwanza kujitazama kwenye vioo vya madirisha ya wodi, mnisikilize. Msitafute mvi kichwani kwangu, hazipo. Mimi ni mstaafu wa miaka ishirini na sita. Naandika mwanangu akiwa magotini, ananyang'anyana nami karatasi, kwa hiyo mkikuta wino umepakazwa mlaumuni yeye. Nilifanya unesi miaka sita katika hospitali moja hapa Musoma, jina lake naliacha, mpaka siku tumbo langu lilipokataa kujificha. Kule nesi akishika mimba, hata kama ana ndoa ya kanisani, anarudisha aproni na kofia na anatoka kwa mlango wa jikoni. Hasira ya hilo ninayo, lakini siyo iliyonikalisha kuandika.

Kilichonikalisha ni kidole tumbo. Mnakijua: kile kipande cha utumbo, chembamba kama kidole cha mwisho, kinachoning'inia chini kulia, hakina kelele mpaka siku kinapojaa usaha na kuua mtu. Kitabuni mtasoma kuwa kiko kulia, kinauma kulia, kinakatwa kulia. Karirini hivyo mfaulu mtihani. Kisha mje wodini mshangae.

Mimi nilianza kushangaa mapema. Mwaka wangu wa kwanza aliletwa mzee mvuvi kutoka Kibara, ana ngiri ya miaka mingi, anaibeba ndani ya kaptula kama mtu aliyeiba sato. Safari hii ngiri ilikuwa nyekundu, ukiigusa anaita mama yake. Sote tukasema utumbo umenaswa. Bwana Daktari alipopasua, utumbo hakuukuta. Alikuta kidole tumbo, kimevimba, kimeshuka mpaka huko chini kama mgeni aliyepotea njia. Nilikuwa nimeshika taa, nikasahau kuwa nimeshika taa.

"Nesi, mwanga!"

Mzee alipozinduka akaelezwa, alifikiri sana. Akasema, "Kwa hiyo nilikuwaga natembea na kidole cha ziada humo miaka yote? Na mke wangu ananiambia sina kitu!" Wodi ya wanaume ilicheka mpaka mmoja akashika mshono wake akitusihi tumnyamazishe.

Mwingine alikuwa mtoto wa hapa Makoko. Kidole tumbo chake kilipokatwa kilikuwa kinene na kigumu, ukikikata kisu kinakwaruza kama kimekutana na mchanga. Daktari alikitia kwenye hadubini akakuta mayai ya kichocho yamejaa tele. Tangu siku ile, mtoto wa ziwani akija na maumivu ya tumbo upande wa kulia, nilikuwaga namuuliza anaogelea wapi na mkojo wake una rangi gani, kabla ya kumuuliza kingine chochote. Liandikeni hilo. Linachukua nusu dakika.

Lakini aliyenifundisha matumbo hakuwa daktari. Alikuwa Simioni, dresa mkuu, mtu wa Butiama, vidole vyake vinene kama mihogo. Shule yake ilikuwa kufunga vidonda na kuwashikia madaktari waliokuja na kuondoka. Siku yangu ya kwanza aliniona nimeinama juu ya tumbo la mama mmoja nimelikodolea macho.

"Nyafuru, unatazama nini?"

"Tumbo, mzee."

"Tumbo lina mdomo? Mtazame usoni. Mkono wako uko chini, macho yako yako juu. Na uupashe moto huo mkono, mama wa watu anaruka kwa baridi wewe unaandika anaruka kwa maumivu."

Alinifundisha kuanza mbali na panapouma, kubonyeza polepole, kisha kuachia ghafla. Mwenye usaha ndani atalia unapoachia, siyo unapobonyeza. Kumwambia mgonjwa akohoe. Kumwambia aruke kwa mguu mmoja. Kumuuliza kama ana hamu ya chakula: mwenye kidole tumbo hata umwekee furu wa kukaanga puani, anageuza uso. Na mtoto anayelia tumbo msikilize kifua pia, maana pafu bovu hujifanya tumbo.

Kubwa kuliko yote, alinifundisha kusoma chale. Wazungu walikuwa wakiziona chale tumboni kwa mgonjwa wanakunja pua na kuzipaka iodini. Simioni alikuwa anazisoma kama barua. Mganga wa kwetu anachanja panapouma siku hiyo. Chale zilizokauka ndipo maumivu yalipoanzia. Chale mbichi ndipo yalipo sasa. Yakianzia kitovuni yakashuka kulia, muite Daktari kabla hujakaa chini. Mgonjwa anaweza kusahau, mama yake anaweza kuchanganya siku, ngozi haichanganyi.

Na alinipa amri moja, aliirudia mpaka nikaichukia: tumbo linalouma na hulielewi, usilipe haluli, ile dawa ya kuharisha. Usilipige bomba la kusafishia tumbo. Haluli inausukuma utumbo wote, na kidole tumbo kilichojaa usaha kikisukumwa kinapasuka.

Nilikuwa najua. Mnaposoma yanayofuata, mkumbuke kuwa nilikuwa najua.

Nyangeta aliletwa na mama yake asubuhi, juu ya lori la pamba lililopitia Butiama. Alikuwa na miaka kumi na minne, anasoma darasa la tano, mwembamba, kucha zimekatwa vizuri. Tumbo lilikuwa linauma kwa siku ya tatu na limevimba. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Alimshikilia mwanawe kwapani kutoka getini mpaka kwenye benchi, hakuomba msaada.

Nilimlaza, nikafunua khanga. Chale tatu kuzunguka kitovu, zimekauka. Chale nne chini, mbichi, bado zina unga mweusi wa dawa. Nikazisoma vizuri kabisa: yameanza kitovuni, yameshuka. Ila hizo za chini zilikuwa kushoto. Nikabonyeza kulia kama nilivyofundishwa. Laini. Nikaandika kwenye kadi: kulia hapaumi. Nikajiona nimemaliza kazi.

Sista akaja. Huyu alikuwa bibi wa Kizungu aliyeongoza wodi ya wanawake, Kiswahili chake cha kuamrisha wapishi. Akamnusa Nyangeta mdomoni.

"Hii mtoto nakunywa dawa gani?"

"Ya tumbo, mama," mama yake akasema. "Mizizi tu, ya kawaida."

"Mwezi yake ya mwisho lini?"

Nyangeta akatazama ukuta. Alikuwa ameona mara moja tu maishani, kabla ya mavuno ya mtama, hajaona tena. Ninyi mnajua kuwa msichana anayeanza huwa hivyo. Mimi nilijua. Sista alijua pia. Akahesabu kwa vidole mpaka tano, akalipiga lile tumbo lililovimba kofi dogo kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Mimba. Nataka kutoa na dawa ya shenzi. Andika."

Nikaandika. Kisha nikafanya ambalo hakuna aliyeniamuru. Niliinama sikioni kwake, nikasema, "Mwanamume ni nani?"

"Hakuna, dada. Sina mimba."

"Kwa hiyo ni upepo?"

Mama yake alikuwa hatua mbili kutoka hapo. Alisikia yote. Nami wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi minne, nimeifunga kwa mkanda mpana alionishonea mume wangu kwenye cherehani yake, nisifukuzwe kazi. Nilikuwa nainama kwa shida. Hakuna anayelikemea tumbo la mwenzake kama anayelificha la kwake, jichunguzeni.

Sista akasema mtoto apewe haluli, tumbo isafishike. Simioni siku hiyo hakuwapo, alikwenda msibani Kiabakari. Nilisimama mbele ya kabati la dawa na chupa mkononi. Amri yake ikanijia kichwani, neno kwa neno, kwa sauti yake. Nikaijibu: hiki siyo kidole tumbo, kulia hapaumi. Na chini ya jibu hilo kulikuwa na jingine ambalo nalitoa leo kwa aibu: mwache aharishe, atajifunza.

Nikapima kikombe.

"Kunywa."

"Dada, kweli sina mimba."

"Kunywa kwanza."

Akanywa chote. Alikuwa mtoto mtiifu. Alipomaliza akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kama wanavyofundishwa nyumbani, akasema tena, polepole, kama anayemweleza mtu asiyesikia vizuri: "Sina, dada."

Asubuhi ya pili nilipoingia wodini nilimpita kitanda, sikumtambua. Macho yamedidimia, pua imechongoka, midomo imekauka. Tumbo gumu kama ubao wa kufulia. Mapigo ya mkono yanakimbia, huwezi kuyahesabu. Sista alikuja, akasema mimba inaharibika, akanitupia ile pembe ya mbao tunayosikilizia watoto tumboni kwa wajawazito. "Sikiliza kama toto iko hai. Mimi nataka kuandika."

Niliweka pembe tumboni, nikaweka sikio. Kimya. Nikahamisha. Kimya. Hata utumbo haukuguruma, na hilo peke yake lilitosha kunitisha, maana tumbo lenye afya halinyamazi hivyo.

Sasa shikeni hili, ni la kazi. Kabla hujatangaza kuwa mtoto hasikiki, peleka pembe kwenye moyo wa mama yake. Ukiusikia, pembe ni nzima na sikio lako ni zima. Usipousikia, kasoro ni yako, siyo ya mtoto. Nikaihamisha pembe chini ya titi la kushoto.

Hakuna kitu.

Nilipuliza pembe. Nilifuta sikio kwa aproni. Nikarudia, nikakandamiza. Ilikuwa kama kusikiliza ukuta. Nikainua kichwa, nikamkuta ananitazama, anapumua, macho yanapepesa. Mtu anayenitazama hana moyo! Sijui kwa nini mkono wangu ulisogea upande wa pili. Sikufikiri, ulisogea tu kama unavyosogeza kikombe mezani. Moyo ukanipiga sikioni, upande wa kulia, kwa nguvu mpaka nikaruka nyuma na pembe ikaanguka sakafuni.

"Dada," Nyangeta akasema. "Yupo?"

Mmesikia aliloliuliza? Mtoto ambaye hajawahi kuguswa, na anajua hajawahi kuguswa, tulimsema siku nzima mpaka akaanza kuogopa kuwa labda yupo.

"Hayupo," nikamwambia. "Hayupo kabisa. Usisogee."

Nilimkuta Simioni nyuma ya wodi, amerudi kutoka msibani, anachemsha bandeji. "Mzee, moyo wa mtoto wa kitanda cha sita uko kulia."

"Umelala wewe?"

"Njoo."

Alitandika leso kifuani kwa Nyangeta akaweka sikio. Kushoto. Kulia. Kisha akaanza kugonga kwa vidole vile vinene chini ya mbavu. Kulia, mahali pa ini, panapotakiwa kulia kama gunia lililojaa, palilia kama kibuyu. Kushoto palilia gunia. Akakaa kitandani.

Baba yake Simioni alikuwa msoma matumbo ya mbuzi kule Butiama. Watu wakitaka kujua habari ya mvua au ya ugonjwa, mbuzi anachinjwa, mzee anasoma utumbo. Simioni alikulia juu ya matumbo hayo, na ingawa alibatizwa, mikono yake haikusahau.

"Baba aliwahi kumfungua mbuzi wa namna hii," akasema. "Moyo huku, ini kule, vyote vimebadilishana upande. Watu wakakataa kumla. Baba akamla peke yake wiki nzima." Kisha akanitazama. "Sasa, Nyafuru, kama vyote vimehama, kidole tumbo kitakuwa wapi?"

Alipasha mikono, akabonyeza chini kushoto, pale kwenye chale mbichi, polepole, macho usoni kwa mtoto. Akaachia. Nyangeta akatoa mlio mmoja, na wodi nzima ikanyamaza, hata wachanga.

Simioni akachukua kadi kuisoma. Alifika kwenye neno haluli na maandishi yangu pembeni yake. Hakuniuliza. Afadhali angenipiga. "Kimbia umuite Daktari," akasema.

Daktari alikuwa ndani ya gari lake, injini inanguruma, anakwenda kukagua zahanati ya Bunda. Sista alikuwa dirishani anampa karatasi. Nilisimama mbele ya gari.

"Toka hapo!"

"Bwana Daktari, moyo wa mtoto uko kulia. Kidole tumbo chake kiko kushoto."

"Hii nesi iko na wazimu," Sista akasema. "Mimi nampa ruhusa nalala jana, bado nachoka."

Nikaenda dirishani nikaingiza ile pembe ndani, nikamwekea mapajani. "Sikiliza mwenyewe, ndipo uende Bunda."

"Unataka nisikilize gari?" Alikuwa karibu kucheka. Lakini alizima injini, na kwa hilo simlaumu.

Alitumia mpira wake wa kusikilizia. Kushoto. Kulia. Kushoto tena. Kisha akauvua masikioni akaugeuzageuza kuona kama umetoboka, vilevile kama mimi nilivyopuliza pembe yangu. Akagonga ini. Akabonyeza kushoto mara moja tu, akasema neno moja la Kiingereza ambalo shuleni hatukufundishwa.

"Nani aligundua?"

"Nesi," Simioni akasema.

Alimpasua upande wa kushoto. Mimi nilishika taa, na safari hii sikusahau kuwa nimeishika. Kidole tumbo kilikuwa pale pale chale zilipoonyesha. Kilikuwa cheusi na kimepasuka, usaha umesambaa tumbo zima. Daktari akakiinua kwa koleo. Kisha akamuita Sista asogee, akamwonyesha mji wa mimba. Mdogo, mtupu, wa mtoto. "Andika na hiyo," akamwambia.

Alipotoka akinawa mikono alinipongeza. Akasema ugonjwa huo ameusoma kitabuni, hajawahi kukutana nao, na kwamba kuutambua kabla ya kisu ni jambo la kujivunia. Akanipa mkono wake wenye maji. Simioni alikuwa pembeni anakunja mashuka, hakugeuka. Nilitamani sakafu ifunguke. Mkono ule ule alioushika ndio uliopima kikombe. Kama ningebonyeza pande zote mbili asubuhi ya kwanza, ingenichukua muda wa kufunga kifungo. Ningeona jibu lake, ningeweka chupa kabatini, angepasuliwa kidole kikiwa kizima. Chale ziliniambia. Mtoto aliniambia. Mimi nikasikiliza mdomo wa Sista, na mdomo wangu mwenyewe uliotaka kukemea.

Hilo ndilo nililoketi kuwaambia, na nalisema kwa ukali maana upole haukumsaidia Nyangeta. Msichana akija na tumbo, pima tumbo. Usipime tabia yake. Kitabu kikisema kulia, bonyeza kulia, kisha bonyeza kushoto. Sikiliza kifua pande zote mbili hata kama umechoka na miguu imevimba. Na amri ya mkubwa ikigongana na unachokijua, weka chupa chini useme sitoi. Watakufukuza. Mimi nilitii, na wakanifukuza vilevile.

Tulimchoma sindano za penisilini siku nne. Siku ya pili alikunywa maji akatabasamu, mama yake akaniangalia kwa mara ya kwanza. Siku ya tatu homa ikarudi. Siku ya nne, jua limeshapanda, alifariki mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake, hakusema kitu cha kukumbukwa, aliomba tu asogezewe mto.

Mama yake alikaa kwenye benchi la nje kusubiri lori. Nilivua kofia nikaenda kukaa karibu naye. Simioni alikuwa ameniambia nisiende. Sista naye alikuwa ameniambia nisiende. Nilikwenda.

"Mama," nikasema, "ile dawa aliyokunywa siku ya kwanza, ndiyo iliyopasua. Niliyempa ni mimi. Nilikuwa najua haifai, nikampa."

Hakugeuka. "Alikwambia hana mimba?"

"Aliniambia."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

Ile khanga ya Nyangeta ilikuwa magotini kwake, anaipapasa pindo.

"Mimi nilimuuliza hilo hilo siku mbili nyumbani," akasema, "kabla ya kumleta."